Sahani za Bi Maimuna

Mwanangu Kyalo,

Tumeshasalimiana asubuhi ulipokuwa ukitafuta soksi, kwa hivyo salamu sirudii. Naandika nikiwa kazini, Mbaraki, nimekaa juu ya magunia ya mchele yaliyopasuka ambayo yaningoja niyashone. Malori hayajaja na msimamizi amekwenda kula. Karatasi nimeomba kwa karani wa mlangoni. Akaniuliza, "Mama Kyalo, leo wamwandikia nani, mchumba?" Nikamwambia ndiyo, mchumba mrefu mwenye miguu mikubwa, anasafiri kesho.

Nimeona niandike hapa kwa sababu nyumbani sitaweza. Jioni watakuja watu kukuaga, na wewe ukiniona na kalamu utaniuliza naandika nini, nami nitakwambia si kitu. Mimi na wewe ni mabingwa wa kusema si kitu. Ndilo lililonikalisha hapa.

Sitakwambia uvae sweta. Eldoret yenyewe itakwambia. Wala sitakwambia usome kwa bidii, maana najua hukurudi kutoka Nakuru mwaka jana kwa uvivu. Najua kilichokurudisha, na hujui kama najua. Nitafika huko. Mimi niliishia darasa la sita, kwa hivyo nikizunguka nivumilie, njia nitaiona.

Unakumbuka juzi jioni Bi Maimuna alivyovuka ukumbi na kile kigoda chake, akaja kukaa mlangoni kwetu. Akakwambia, "Sikiza Kyalo. Zuhura, mtoto wa marehemu dadangu, yuko Eldoret na mumewe. Wana chumba cha uani hakina mtu. Nimeshasema naye. Utakaa huko, utakula walacho wao mpaka umalize chuo. Hapana kodi, hapana nini." Ukainamisha kichwa kwa adabu zako, ukasema, "Ahsante sana, Bi, lakini usijisumbue. Nitajipanga tu."

Bi Maimuna hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, kama mtu aliyesikia sauti anayoijua ikitoka mdomo mwingine. Kisha akasema, "Haya, mpangaji mwana wa mpangaji," akachukua kigoda chake akarudi kwake. Wewe ukacheka. Mimi nilikwenda jikoni kuchochea makaa yasiyohitaji kuchochewa.

Yale maneno ni yangu, Kyalo. Usijisumbue. Tutajipanga. Tumeshakula. Ni yangu kabisa, na hata namna ya kuinamisha kichwa ni yangu. Sasa mimi nashangaa, uliyapata wapi? Nakumbuka nilivyokufundisha kufunga kamba za viatu, na kumwamkia mtu mzima kabla hajakuona. Hili sikukufundisha hata siku moja. Tangu juzi nalifikiria nikishona, na shazia, hii sindano yetu kubwa ya magunia, imenichoma vidole kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Nilimuuliza Kadzo, yule mwenzangu wa Kaloleni ambaye hushona upande wa pili. Nikamwambia, "Kadzo, mtoto huiga kitu ambacho hakukiona?"

"Nani kakwambia hakukiona? Mtoto ana macho mpaka kisogoni."

"Hukufunzwa kuogopa kupewa, wewe?"

"Mimi?" Akacheka mpaka akaweka gunia chini. "Mimi nikipewa hushika kwa mikono miwili nikauliza kama kuna kingine."

Na ni kweli. Kadzo alikulia kwenye njaa kama mimi, pengine zaidi. Lakini yeye akilipwa hununua samaki wa kulisha uwanja mzima, na katikati ya mwezi huingia kwa jirani yeyote, akavuta kigoda, akala. Hana akiba na hana haya. Mimi nina akiba kidogo, na haya ya kujaza ghala hili. Njaa ni ileile, watu wawili, mmoja mkono umefunguka, mwingine umefumba. Nikamuuliza kwao ilikuwaje chakula kikikosekana. Akasema watoto waligawanywa, huyu kwa shangazi, huyu kwa nyanya, wakala huko hadi mvua ikaja, wakarudi na hakuna aliyelisema. "Lisemwe nini? Ilikuwa njaa, kila mtu aliiona."

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba njaa peke yake haimkunji mtu namna nilivyokunjika mimi. Kwetu lilisemwa.

Sijawahi kukueleza vizuri habari za Mwingi. Mvua ilipokataa, nyanya yako alikuwa akimtuma mmoja wetu na kibuyu kidogo kwa mke wa mwenye duka, kuomba unga. Yule mama alitoa. Sitamsingizia, hakutunyima hata mara moja. Lakini siku moja kisimani, wanawake wamejaa, nami nimeshika kata ya mamangu, akasema kwa sauti, "Mnaona watoto wa Syombua wanavyong'ara? Unga wangu haumtupi mtu." Watu wakacheka. Nyanya yako naye akacheka. Akajaza mtungi wake, akajitwika, tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo kile kibuyu hakikutoka tena.

Badala yake akaanza jambo jingine. Jioni zilizokuwa hazina chakula alitukatia vijiti, akavichonga ncha, akampa kila mtoto chake. Akasema, "Nendeni mkakae pale njia panda mchokonoe meno." Tukaenda. Tukakaa kwenye gogo, wakubwa kwa wadogo, tukichokonoa meno yasiyo na kitu. Watu wakipita wakituuliza, "Leo kwenu kulichinjwa?" Mjomba wako Mutua alikuwa hodari kuliko sote. Aliweza kuchokonoa, akasita kama aliyepata kinyama, akatema pembeni. Tulidhani ni mchezo, na mchezo wenyewe ulikuwa mtamu. Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba mamangu alikuwa ndani ameegemea ukuta, akisikiliza kama watu wameamini.

Mpaka leo njaa ikinishika hapa ghalani, mkono wangu hutafuta kijiti kabla mimi sijajua nina njaa. Kadzo ameshajua. Huniuliza, "Leo umekula mbuzi wa nani?"

Sasa nije Bondeni. Tulipofika mara ya kwanza hukuwa umeanza shule. Baba yako alikuwa ameshakwenda zake, hilo tumelizungumza na sina jipya. Nyumba ilikuwa hii hii tuliyomo leo, ila chumba kilikuwa kile cha mwisho karibu na bomba. Bi Maimuna, mwenye nyumba, alikuwa na nguvu bado, na sauti iliyofika barabarani.

Sikuwa nikijua desturi za watu wa huku. Ramadhani ikaandama. Jioni moja ukaingia umebeba sahani kwa mikono miwili, imefunikwa kawa, ulimi umeutoa nje kwa kuogopa kumwaga. Mbaazi za nazi na mahamri. Ukasema, "Bibi kasema tufuturu." Hatukuwa tumefunga, lakini tulifuturu. Ulilamba vidole mpaka nikaogopa utavila.

Nikaiosha ile sahani, nikaiweka dirishani niirudishe kesho. Asubuhi bombani, mpangaji mmoja mwenzetu akaniambia, kwa nia njema, "Huku sahani hairudi tupu, dada. Usije ukajitia aibu." Ndani nilikuwa na unga wa sima na chumvi. Sasa fikiria mtu amekupa mbaazi za nazi, nawe umrudishie kibonge cha sima. Nikasema nitangoja nipate cha maana cha kutia. Nikaisukuma chini ya kitanda. Keshokutwa ukaingia na nyingine, ulimi nje vilevile.

Ziliendelea kuja. Bi Maimuna hakuuliza, na kila alivyokosa kuuliza mimi nilizidi kuungua. Nikaanza kutoka alfajiri kabla hajafungua mlango, na kurudi kwa njia ya uani. Wewe nikakukataza kukaa barazani jioni. Ukaniuliza kwa nini, nikasema kuna mbu. Wenzako wote walikaa pale na mbu wao, wakicheza.

Sikukuu ilipokaribia, wanawake walikuwa uani wakichambua mchele, nami nimejipenyeza kupita, Bi Maimuna akapaza sauti. "Mama Kyalo! Sahani zangu zimepata waume huko kwako? Basi nileteeni mahari!" Uani pote vicheko. Nami nikacheka. Nilijisikia nikicheka, na sauti ile haikuwa yangu, ilikuwa ya nyanya yako kisimani.

Mwisho wa mwezi tukahama.

Nilikwambia chumba kinavuja. Ukainua kichwa ukatazama dari, ukasema, "Mama, mbona ni kukavu?" Sikumbuki nilikujibu nini. Pengine nilikwambia si kitu.

Tukaja huku Mbaraki, kisha Majengo, kisha kile chumba cha nyuma ya Buxton chenye dirisha la kuangalia ukuta. Kila mahali ilikuwa hadithi ileile. Jirani akianza kunijua, akikuletea uji wewe ukiwa na homa, mimi nilianza kuulizia chumba kwingine. Nilikuwa na sababu kila mara. Maji, kelele, mwenye nyumba mkorofi. Kila kuhama kukawa na shule yake. Darasa la tatu ulilirudia, si kwa ujinga, ni kwa sababu shule mpya ilikukuta ukiwa nyuma kwa vitu ambavyo ile ya kwanza haikuwa imevifikia. Majengo ulikuwa na rafiki aliyejua kuchora malori kwa mkaa ukutani. Siku tulipoondoka ulimwambia utarudi kesho, kwa sababu ndivyo nilivyokwambia mimi.

Watu husema maskini huhamahama kwa sababu ya kodi. Mara moja ilikuwa kodi, kweli. Mara nyingine zote kodi nilikuwa nimelipa. Tulihama kwa sababu ya sahani, Kyalo. Na sahani zenyewe tulihama nazo! Nilizifunga ndani ya kanga, zikakaa juu ya kabati kila tulikokwenda kama vitu vya marehemu. Siku moja uliniomba moja ya kulia wali, sahani yako ilikuwa imepasuka. Nikakupigia kelele. Ukala chakula chako kwenye kifuniko cha sufuria.

Ninapoyaandika haya naona kama naandika habari za mtu mwingine, mwanamke fulani, na ningependa kumkalisha chini nimuulize. Wewe mama, waogopa nini hasa? Atakufanya nini yule jirani? Sidhani angenijibu. Angeniambia nisijisumbue.

Ulikuwa karibu kumaliza shule ya msingi siku niliyokwenda Marikiti kununua kunde. Nimeinama kwenye gunia, nikasikia nyuma yangu, "Mwizi wa sahani huyo! Mshikeni!" Soko zima likageuka. Muuza nazi akasimama na panga lake mkononi. Nami nikageuka, nikamwona Bi Maimuna ana bakora, amezeeka, anacheka mpaka amejishikilia kwenye meza ya ndizi.

"Wanikimbia kwani mimi nina upele?" akasema.

"Hapana, Bi."

"Zi hai sahani zangu?"

"Zi hai, Bi. Hakuna hata moja iliyovunjika."

"Na mtoto?"

"Naye mzima."

"Sema kwanza mtoto, wewe! Waanzia sahani!"

Wauzaji wakaangua kicheko. Na hapo, Kyalo, likatokea jambo ambalo bado nalifikiria. Nilisubiri lile joto linipande usoni, na lilipanda. Nilisubiri miguu iondoke, lakini alikuwa amenishika mkono, tena kwa nguvu kuliko nilivyodhani mkono wa mzee unaweza, na huwezi kumnyang'anya mzee mkono wako mbele ya watu. Kwa hivyo nikabaki. Tukasimama pale, watu wakachoka kutucheka, wakarudi kwenye ndizi zao. Ilichukua muda mfupi sana. Sikuwahi kubaki nikaona kwamba huwa ni muda mfupi.

Jumapili nikapika muthokoi, nikajaza sahani moja, nyingine nikazibeba tupu, nikaenda. Niliona aibu kumpa mtu wa hapa mahindi yetu ya kukoboa. Bi Maimuna akala palepale kwa mkono, akasema, "Tamu. Hii ndiyo uliyokuwa ukinificha?" Nikamweleza niliyoambiwa bombani. Akaacha kutafuna.

"Sahani hairudi tupu, ni kweli," akasema. "Lakini aliyekwambia alikwambia nusu. Mamangu alitulea sisi tukiwa hatuna mbele wala nyuma. Sahani za watu alizirudisha na tawi la mrehani juu yake. Akilikata palepale mlangoni, alfajiri au jioni. Mwaka mzima, mrehani tu. Na hakuhama mtu."

Nikatazama mlangoni kwake. Kopo la maziwa, udongo, na mrehani umeota. Ulikuwa pale hata zamani. Nilikuwa nikiuruka kila alfajiri nikitoka mbio kabla hajaamka, pindo la kanga yangu likiugusa, na harufu yake nikiondoka nayo hadi kazini.

Ndivyo tulivyorudi Bondeni. Alikuwa na chumba wazi mkabala na chake, akasema kodi nitalipa kama watu wengine lakini nisitoke tena kwa mlango wa uani. Toka hapo hatukuhama. Sekondari umeisoma shule moja, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, na rafiki uliowapata kidato cha kwanza ndio watakaokuja leo kukuaga. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nilidhani mtu akiacha kuhama, kuhama nako humwacha.

Mwaka jana ukaenda Nakuru. Ukarudi kabla muhula haujaisha, umekonda, ukasema ile kozi haikuwa yako. Nikakuamini, kwa sababu nilitaka. Kisha wakati wa likizo akaja yule mwenzako Barasa, amekuletea blanketi uliloacha. Wewe ulikuwa kibaruani Kilindini. Nikamtilia chai akakaa pale kwenye kigoda.

Akasema, "Mama, huyu wenu ana mambo. Sisi tulikuwa tunapika pamoja, chumba cha pili tu. Kila jioni tunamwita, Kyalo njoo tule. Anasema ameshiba. Ukichungulia unamkuta amesimama mlangoni kwake, kijiti mdomoni, anachokonoa meno. Tukawa tunasema huyu jamaa anakula hotelini, ana pesa zake!"

Alicheka, kijana mzuri. Mimi nilimwongezea chai ambayo hakuomba.

Sasa niambie, Kyalo, kijiti nani alikufundisha? Mwingi hukukulia. Nyanya yako alikufa hujamjua. Ile hadithi ya gogo la njia panda ndiyo kwanza nakusimulia leo. Nilipekua kichwa changu usiku na mchana, nikitafuta siku ambayo nilikukalisha mahali nikakupa kijiti, sikuipata. Nikamlaumu hata Mutua, ambaye umemwona mara mbili.

Ni Kadzo aliyenifumbua, na lile neno lake la macho ya kisogoni. Kumbe nilikuwa natafuta mahali pasipo. Zile jioni za Majengo, sufuria ina cha mtu mmoja, nakupakulia wewe, nawe waniuliza, "Mama, wewe?" nami nasema nimeshakula kazini. Kisha natoka nakaa mlangoni usione ninavyotazama sahani yako. Na nikikaa pale, mkono wangu ulikuwa ukifanya nini? Wewe ulikuwa ndani, ukila, ukinitazama kwa nyuma. Uliona kwamba mtu mzima akiwa na njaa hufanya hivi.

Habari ya Barasa nimekaa nayo tangu siku ile. Sikukwambia kwa sababu sikupata namna ya kuisema isiyofanana na maneno ya kisimani. Nimeshaisema. Natumaini haikukuchoma sana. Kama imekuchoma, kaa kidogo, ngoja ipoe, usiikunje barua.

Kwa hivyo hili la Zuhura si la chumba tu. Mimi nakufahamu. Ukifika Eldoret ukaenda kujibanza na watu usiowajua, ukajipanga kama ulivyosema, mwezi wa kwanza utakwenda vizuri. Wa pili zile fedha za kibarua zitakwisha, na hutamwambia mtu. Wataanza kukuita mle, nawe utakuwa umeshiba. Kisha utanipigia simu kwamba hata hii kozi si yako. Nafasi hii umeipata kwa kuomba upya na kungoja mwaka mzima, na sioni ya tatu inatoka wapi. Ukirudi tena, sitakuwa na la kujidanganyia.

Wala sikwambii kwamba Zuhura ni malaika. Simjui. Huenda siku moja amechoka, watoto wanalia, akasema neno mbele ya wageni, la mtu anayekula bure. Watu husema, hata walio wema. Bi Maimuna alisema, na yeye ndiye mwema kuliko wote niliokutana nao. Akisema, cheka ukitaka, au nuna. Ila usifunge begi siku hiyo. Lala, amka, uone kama lile neno lina uzito uleule asubuhi. Mimi kwa miaka yote ile sikuwahi kungoja asubuhi yake, niliyajua maneno yakiwa mabichi tu. Kwa hivyo sijui huwaje. Ningependa sana unieleze.

Na kuna mengine ningependa unieleze, si leo, siku ukiwa na nafasi. Pale Nakuru Barasa alipokuita, ulisikia nini kwanza, harufu ya chakula au jina lako? Mimi nilikuwa nikisikia jina langu, likinijia kama nimeshikwa na kosa. Na je, kuna siku ulikaribia kusema naja? Nakuuliza kwa sababu nataka kujua kama kile kitu ni kizima ndani yako kama kilivyokuwa ndani yangu, au kimeshapata ufa. Nyanya yako hakumuuliza mtu. Mimi nimechelewa, lakini nauliza.

Malori yameingia, nasikia msimamizi akiita. Nimalize.

Nimemwomba Bi Maimuna asimpigie Zuhura kumwambia huji. Mlango uko wazi hadi utakaposhuka kwenye basi, na namba ya Zuhura nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Sitakulazimisha, umeshakuwa mrefu kuliko mimi. Lakini ukifungua begi, chini ya sweta utakuta sahani yenye mstari wa buluu. Ni mojawapo ya zile zilizohama na sisi. Leo asubuhi Bi Maimuna amenipa nikutilie, anasema Zuhura ataijua, alikula kwayo alipokuwa mdogo katika nyumba hii. Juu yake nimeweka tawi la mrehani, nimelifunga kwa gazeti. Utafika limekauka. Mpe hivyohivyo.

Nami sitabaki chumbani kesho ukishaondoka. Asubuhi ulipokuwa ukioga, nilivuka ukumbi nikamwambia Bi Maimuna kwamba kesho jioni nataka kula kwake. Nilimwomba mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akanitazama, akasema, "Basi leo itanyesha mvua ya mawe." Kisha akaniuliza nataka mbaazi au samaki.

Nikasema mbaazi. Nitakwenda mikono mitupu. Nikishakula nitatoka nikae barazani na mbu wao, nichokonoe meno, na safari hii kutakuwa na kitu ndani.

Mama yako